Paka wa Nyalenda na Muuzaji wa Dawa ya Panya

Nyinyi vijana mnaosomea kutibu wanyama mnapenda kuja kwangu na swali moja: nitajuaje paka au mbwa ameanza kuugua kabla hali haijawa mbaya? Mnakaa hapo, mnatoa kalamu, mnasubiri nitaje dalili. Nitawaambia ninazozijua. Lakini mjue mapema kwamba kwa miaka mingi niliyofanya kazi Kisumu, mara nyingi nilisimama mbele ya mnyama mgonjwa nikiwa sielewi chochote, nimeshika kipimajoto kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba ya wenyewe.

Mimi nilifunzwa ng'ombe. Wakati ule serikali ilitufunza ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku kidogo. Kazi yangu ilikuwa kusimamia josho, kuchanja na kutazama ulimi wa ng'ombe. Paka hakuwa katika mafunzo. Daktari wetu wa mifugo, mwanamume mrefu mpole aliyekuwa bosi wangu pale ofisini, alikuwa akisema paka si mgonjwa wa serikali. Mtu akileta paka, Daktari alitazama dirishani na kuniambia, "Nyar Ahero, hebu msaidie huyu mama." Waliniita Nyar Ahero, yaani binti wa Ahero, kwa sababu nilizaliwa huko kwenye mashamba ya mpunga. Hivyo nikawa mganga wa paka, si kwa kujua bali kwa kuwa mdogo wa cheo.

Ng'ombe akiugua anakwambia. Anaacha kucheua, pua inakauka, anabaki nyuma wenzake wakienda majini. Mbwa naye anakwambia nusu. Nilijifunza kwa mbwa wa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mjini. Jike lao lilianza kunywa maji kupita kiasi. Mama mwenye nyumba alisema ni joto la Kisumu, nami nikakubali, maana siku hiyo hata mimi nilikuwa nimekunywa maji mengi. Kumbe mbwa yule alikuwa ametoka kwenye joto la kutafuta dume wiki chache nyuma, na tumbo la uzazi lilikuwa limejaa usaha. Daktari alimpasua tumbo akapona. Tangu siku hiyo, nikiambiwa jike anakunywa maji sana, swali langu la kwanza ni lini alitafuta dume. Andikeni hiyo.

Paka hasemi. Paka akiumwa anajificha. Anaingia chini ya kitanda, mwenye paka anasema amelala. Anaacha kujilamba, manyoya yanasimama kama ya brashi ya viatu, mwenyewe anasema amezeeka. Utando mweupe unatokeza kwenye kona ya jicho, mwenyewe anasema ni vumbi. Mpaka wakuletee, paka amekwisha kuugua zamani.

Sasa niwaambie habari ya paka wa Nyalenda. Ndiyo iliyonichanganya kuliko zote.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati samaki wadogo tuliowazoea, wale fulu, walikuwa wanatoweka ziwani, mbuta, yaani sangara, wakawa ndio wakubwa, na omena, wale dagaa, wakajaa kila mahali. Mtaani Nyalenda, pale Kisumu, karibu na bomba la maji tulilochangia sote, aliishi mama mmoja muuza samaki aitwaye Mama Akoth. Mjane, sauti kubwa, mikono yenye nguvu. Zamani alikaanga ngege, yaani perege, na kuwauza barabarani. Ngege walipopanda bei akaacha kukaanga, akawa ananunua omena ufukoni na kuwaanika juu ya nyavu kuukuu mbele ya nyumba yake. Alikuwa na paka mweupe mwenye sikio moja la kijivu, akimwita Sembe. Watoto wake walikuwa wameolewa mbali. Ukimsikia anaongea ndani ya nyumba jioni, alikuwa anaongea na Sembe.

Siku moja alinijia nyumbani, maana nilikaa mtaa huo huo. Alimbeba Sembe kwenye kikapu cha kwenda sokoni.

"Nyar Ahero, huyu mtoto wangu hali," akasema.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani ameshiba. Paka anayelala kwenye omena utajuaje kama hali?"

Nilimtoa kikapuni nikamweka chini. Alisimama, akatembea hatua kidogo, akayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Kisha akainamisha kichwa. Simaanishi alitazama chini. Shingo yake ilijikunja mpaka kidevu kikagusa kifua, akabaki hivyo, kama muumini anayeomba. Mboni za macho zilikuwa zimefunguka pana ingawa tulikuwa juani.

Nikapima joto. Halikuwa kali. Nikatazama fizi, zilikuwa na rangi yake. Nikavuta ngozi ya shingo na kuiachia ili nione kama maji yamepungua mwilini, ikarudi haraka. Nikatazama masikio, nikidhani uvimbe wa ndani ya sikio unaweza kumfanya mnyama ayumbe. Yalikuwa safi.

"Ni nini?" Mama Akoth akauliza.

"Bado natazama," nikasema. Hilo ndilo jibu letu, vijana, tunapokuwa hatujui.

Akainama karibu na sikio langu. "Amelishwa sumu. Na mimi najua nani."

Aliyemtaja alikuwa Mzee Odera, jirani yetu upande wa pili wa bomba. Mzee Odera alikuwa anauza dawa ya panya. Alizunguka na baiskeli yenye sanduku la bati, na kwenye usukani alining'iniza mikia ya panya kama ushahidi wa kazi yake. Alipaza sauti polepole, bila haraka, "Panya akila hii, hafiki kwao." Mwanamume mkimya asipokuwa kazini. Alikaa peke yake, na jambo lililomfanya achekwe mtaani ni kwamba hakula samaki. Tangu utotoni, akionja samaki midomo yake ilivimba. Mjaluo wa ufukoni asiyekula samaki. Watu walilifanya hilo kuwa kichekesho cha kila siku.

Hoja ya Mama Akoth ilikuwa rahisi. Paka anakula panya. Mtaa wenye paka wengi hauhitaji dawa. Basi muuza dawa ana sababu ya kumaliza paka.

Nilimwambia asiseme hivyo kwa watu. Lakini alikuwa amekwisha kusema. Kesho yake, nilipokwenda kuchota maji, wanawake bombani walikuwa wanahesabu paka wao. Wa Mama fulani alikuwa anayumba. Wa nyumba ya mwisho hakuonekana. Paka mdogo wa jirani yangu alikuwa amekufa akitokwa na damu puani. Kila mmoja alikuwa na paka wa kumlilia, na wote walimtazama Mzee Odera alipopita na baiskeli yake. Alisalimia. Hakuna aliyeitikia.

Mimi nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Mnyama anayeyumba, mwenye macho yaliyofunguka hivyo, anayebadilika tabia, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Paka pia hukipata. Na Nyalenda ilikuwa imejaa watoto wanaolala na paka mkekani. Nikisema ni kichaa, watakuja watu wa kuua mbwa na paka wote wa mtaa. Nikikaa kimya na kumbe ndicho, mtoto wa mtu atakufa, maana ugonjwa ule ukishaonekana kwa binadamu hauna dawa. Nililala na mawazo hayo, nikaamka nayo.

Asubuhi nikaenda kwa Daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu.

"Anauma watu?"

"Hapana. Ukimgusa analia tu."

"Anameza?"

"Mate yanamtoka kidogo. Sikuona kama anashindwa kumeza."

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," akasema. "Mlete hapa, tumfungie, tumtazame. Kama ni kichaa, hatakaa sana. Na usimshike bila glavu."

Tukamfungia Sembe kwenye kizimba nyuma ya ofisi. Mlinzi wetu, Barasa, alikabidhiwa kumtazama kwa mbali. Tulimwonya asitie mkono ndani, naye akaapa. Lakini Barasa alikuwa na moyo. Aliishi karibu na kichinjio na kila siku alipata vipande vya maini na bandama. Alivichemsha kwenye kopo, akapoza supu, akafunga kijiko kwenye ufito mrefu na kumnywesha Sembe kupitia matundu ya kizimba. Mwanzoni supu ilimwagika yote. Baadaye nusu ilimwagika. Kisha Sembe akaanza kulamba mwenyewe, akala na maini.

Baada ya siku kadhaa niliingia kizimbani nikamkuta ameinua kichwa ananitazama. Nilimtoa. Alitembea sawasawa mpaka kivulini, akakaa, akaanza kujilamba mguu.

Nilifurahi, halafu nikachanganyikiwa zaidi. Kichaa cha mbwa hakiponi, kwa hiyo si kichaa, namshukuru Mungu. Lakini hatukumpa dawa yoyote. Amepona kwa nini?

"Sumu imemtoka," akasema Mama Akoth nilipomrudishia paka wake. "Alipokuwa mbali na yule mzee, amepona. Unataka ushahidi gani?"

Na kusema kweli, nilianza kuamini.

Basi nikafanya jambo moja: nilikwenda kumwona Mzee Odera. Nilimkuta nje anaziba gurudumu la baiskeli. Lilikuwa limekatwa kwa kisu. Juu ya paa lake la bati kulikuwa na mawe, makubwa mengine, na hayakuwa yamefika huko yenyewe.

"Karibu, Daktari," akasema. Yeye peke yake mtaani aliniita Daktari, na sikuwa daktari.

Nilikaa kwenye kigoda chake. Paka wa kijivu, mnene, manyoya yanang'aa, akatoka ndani akajisugua kwenye mguu wangu. Nikamtazama yule paka kama polisi anavyotazama mtu. Macho mazuri. Hatua imara. Paka mwenye afya kuliko wote niliowaona Nyalenda.

"Huyu ni wako?"

"Wangu."

"Hajaugua?"

"Hajaugua." Akaacha kuziba. "Najua wanachosema. Wanasema wa kwangu hajaugua kwa sababu mwenye sumu ni mimi."

Ndivyo walivyosema kweli, na ndivyo nilivyokuwa nikiwaza.

"Mama yangu," akasema, ingawa alinizidi umri, "ni kweli mimi nauza sumu. Mtu anayeuza sumu anaiogopa kuliko anayeinunua. Mimi nikitoka kazini sishiki hata chumvi kabla sijanawa. Mwenye nyumba amenipa notisi. Mwisho wa mwezi nihame. Niende wapi? Nikifika mtaa mwingine, habari itakuwa imefika mbele yangu."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alirudi kwenye gurudumu lake. Niliondoka nikiwa sijui kama nimezungumza na mtu mwongo au mtu aliyeonewa. Uso wa binadamu nao una dalili zake, lakini hizo hatukufunzwa kabisa.

Wiki ile ile Mzee Odera alisafiri kwenda Port Victoria kumzika shemeji yake. Akafunga nyumba, akamchukua paka wake kwenye sanduku la bati lililotobolewa matundu. Watu wakasema amekimbia. Matanga ya huko yalimchukua muda, hakurudi upesi.

Na akiwa huko, Sembe akaanza tena.

Mama Akoth alikuja mbio. Safari hii nilimwona paka mapema, na hapa ndipo nataka msikilize vizuri. Hakuwa ameanza kuyumba. Shingo ilikuwa sawa. Alichofanya ni hiki: aliwekewa omena, akazikaribia, akazinusa kama mwenye njaa, akalamba midomo, mate yakamtoka, kisha akageuza kichwa akaenda zake. Akarudi, akanusa, akaenda. Huyo si paka aliyeshiba. Paka aliyeshiba hata haji. Huyo anataka chakula na mwili unakikataa. Hiyo ndiyo dalili ya mwanzo, nasi sote tuliiona tangu safari ya kwanza tukaiita shibe.

"Mzee Odera yuko Port Victoria," nikamwambia Mama Akoth.

Alimvuta Sembe mapajani.

"Ameacha mtu," akasema mwishowe, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Nilimpeleka Sembe ofisini siku ile ile. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi. Alisema, "Mimi sijui, lakini kuna mtu anajua." Akachukua simu, akampigia rafiki yake waliyesoma pamoja, aliyekuwa Nairobi akitibu mbwa na paka wa watu wenye uwezo. Simu za wakati ule mmeziona tu kwenye picha. Ulipiga kelele kana kwamba unamwita mtu ng'ambo ya ziwa. Daktari akaeleza shingo iliyojikunja, kuyumba, macho. Akanyamaza kusikiliza. Halafu akaziba simu kwa kiganja.

"Anauliza anakula nini."

"Samaki," nikasema.

Akasema simuni. Akaziba tena.

"Anauliza mbichi au aliyepikwa."

Nilikuwa nimempima paka yule joto, nimemtazama masikio, fizi, macho na ngozi, nimeogopa kichaa cha mbwa, nimemshuku jirani. Sikuwahi kuuliza samaki alipikwa au la. Nani anauliza hivyo Kisumu? Ni kama kuuliza mvua imelowa au haikulowa.

"Sijui," nikasema.

Rafiki wa Daktari alieleza kwamba kuna samaki ambao, wakiliwa wabichi kila siku bila kitu kingine, wana kitu ndani yao kinachoharibu vitamini fulani mwilini mwa paka. Paka anaanza kwa kukataa chakula, kisha anayumba, kisha shingo inajikunja, na asiposaidiwa anapata degedege na kufa. Ukimpika samaki, kile kitu kinaharibika. Dawa ni sindano ya vitamini ile. Kama omena ni miongoni mwa samaki hao, hakuwa na hakika. Alisema jaribuni.

Vitamini hiyo tulikuwa nayo kabatini, ya ndama. Daktari alikadiria kipimo kidogo, nikamdunga Sembe mwenyewe. Kesho yake asubuhi Barasa alinipokea mlangoni akicheka, kwa sababu Sembe alikuwa amemwibia kipande cha mkate na chai haijapoa.

Mnadhani hapo nilielewa? Sikuelewa. Nilirudi kwa Mama Akoth na maswali yangu.

"Sembe unampa omena mbichi?"

"Nampa zinazopasuka kabla sijaanika. Paka apikiwe kama mgeni?"

"Na zamani, ulipokuwa unakaanga ngege?"

"Zamani alikula nilichokula. Vichwa vya kukaanga, ugali, mchuzi."

"Lakini paka wengine wa ufukoni wanakula omena mbichi miaka yote na hawaumwi."

"Hao wanakula na panya," akasema. "Sembe mwenyewe alikuwa hodari wa panya. Aliniletea kila siku mlangoni. Sasa panya wako wapi? Mzee Odera amewamaliza."

Alisema hivyo bila kufikiri, kisha akasikia alichosema. Tukatazamana.

Nilikaa kwenye gunia lake nikajaribu kupanga mambo kichwani. Watu wa Nyalenda walinunua dawa ya panya kwa Mzee Odera. Dawa ilifanya kazi. Panya wakaisha. Paka waliokuwa wanachanganya samaki na panya wakabaki na omena mbichi peke yake, katika miaka ambayo samaki wengine walikuwa wamekwisha ziwani au wamekuwa ghali. Na paka wa Mzee Odera alinenepa kwa sababu mwenyewe hakula samaki. Alikula ugali kwa matumbo, na paka wake akala hivyo hivyo. Na safari ile ya kwanza, Sembe aliponywa na maini ya Barasa.

"Basi ni yeye," akasema Mama Akoth polepole.

"Si yeye."

"Umesema panya ndio waliokuwa wanawalinda, na yeye aliwaua."

"Wewe ulinunua dawa yake?"

Akatazama nyavu zake. "Panya walikuwa wanakula omena zangu," akasema. "Nilinunua mara nyingi."

Mpaka leo sijui kama hesabu yangu ya panya ilikuwa kweli. Daktari alisema inawezekana. Rafiki yake wa Nairobi alicheka akasema hajawahi kusikia. Yule paka mdogo wa jirani yangu aliyekufa akitokwa na damu, huyo hafanani na hawa. Labda alikula panya aliyekula dawa, labda alipigwa teke na mtu. Ugonjwa hauji peke yake mtaani, vijana. Unakuja na wenzake, na kila mmoja anavaa nguo ya mwingine. Ndiyo maana nawaambia ulizeni chakula kwanza, na ulizeni mpaka chini: nini, kimepikwaje, tangu lini, na kabla ya hapo alikula nini. Na mkimkuta mnyama mwenye afya katika mtaa wa wagonjwa, msimkasirikie. Ulizeni yeye anakula nini.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wachemshe omena za paka, wachanganye na ugali na mabaki ya nyama wakipata. Walinicheka. Kumpikia paka, tena na kuni zilivyo ghali. Lakini paka walioumwa niliwadunga, na walipoinua vichwa, kicheko kikapungua. Habari ya Mzee Odera, hata hivyo, haikupungua kwa kasi hiyo. Neno baya likishakaa kwa watu halitoki kwa sindano. Nilisema bombani kwamba hakumlisha sumu paka yeyote. Waliitikia kwa midomo. Mmoja akasema, "Wewe ni mtu wa serikali, lazima useme hivyo." Sikuelewa alimaanisha nini, na nadhani hata yeye hakuelewa.

Mzee Odera alirudi siku chache kabla ya mwisho wa mwezi. Akaanza kufunga vitu vyake. Nilikwenda nikamweleza yote, omena, vitamini, panya. Alisikiliza akiwa ameshika sufuria.

"Kwa hiyo dawa yangu ni nzuri kupita kiasi," akasema.

"Labda."

"Hilo sitaliweka kwenye tangazo," akasema, na ndiyo mara pekee nilimwona akitabasamu mwezi ule. Kisha akaendelea kufunga vitu.

Nilimwambia Mama Akoth kwamba mzee anahama. Sikumwambia afanye nini. Alikuwa anageuza omena juani, akaendelea kugeuza. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo, nikidhani ameamua kunyamaza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, saa ya foleni bombani, wakati wanawake wote wa upande wetu wapo na madumu yao. Mama Akoth alitoka nyumbani kwake na kile kikapu cha sokoni, Sembe ametoa kichwa. Hakuchukua njia ya nyuma. Alipita katikati ya foleni, akiomba njia kwa sauti ile yake, mpaka watu wakasogeza madumu. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mzee Odera, akaweka kikapu chini.

"Mzee," akasema, na sote tulisikia, "huyu bado hana nguvu. Kwangu hakuna chakula kinachomfaa, mimi ni mtu wa omena. Mlishe wewe mpaka apone sawasawa. Mpe unachompa wa kwako."

Mzee Odera alisimama mlangoni na kamba ya kufungia godoro mkononi. Alimtazama yeye, akamtazama paka, akatazama foleni yote iliyokuwa inamtazama.

"Ninahama, Mama Akoth," akasema.

"Huwezi kuhama na paka wangu," akajibu.

Aliweka kamba chini, akaingia ndani. Akatoka na sahani ya ugali na matumbo yaliyokatwa vipande vidogo. Akanawa mikono kwenye beseni, kwa sabuni, polepole, kama alivyozoea, foleni nzima ikimtazama. Kisha akamlisha Sembe kwa vidole vyake, kipande kwa kipande, na Mama Akoth akasimama pale mpaka sahani ikaisha. Bombani dumu la mtu lilikuwa limejaa na maji yanamwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

Mwenye nyumba aliisahau notisi, kama wenye nyumba wanavyojua kusahau jambo lisilo na watu nyuma yake. Mzee Odera alikaa Nyalenda miaka mingi baada ya hapo. Sembe alipona kabisa. Mama Akoth akawa anakwenda kila jioni kumtazama paka wake, kisha kumtazama tu, bila kueleza anamtazama nani.

Baada ya muda nilimuuliza kama aliwahi kumwomba yule mzee msamaha. Tulikuwa tunateka maji. Alinitazama kana kwamba ni mimi ninayeumwa.

"Nilimpa paka wangu amlishe," akasema. "Kuna msamaha gani mwingine?"